Wananiita Mama wa Rais

Mwanangu Majina,

Mi mama yako naandika nikiwa Kapata, mtaa wetu wa Kolwezi, katika nyumba ileile ya kampuni ya migodi tulimofukuzwa. Nimerudi. Wewe je, uko wapi?

Unakumbuka hadithi ya tata yako, baba aliyekuzaa? Alikuwa kijana akichuuza samaki wakavu kando ya Ziwa Tanganyika, askari wa serikali wakamkimbiza, akaangukia milimani kwa waasi. Kiongozi wao, Komanda, akampa muhogo na mahali pa kulala. Tata yako akaapa: "Mutoto wangu wa kwanza mwanaume atabeba jina yako." Ukazaliwa, ukalibeba. Kwetu, mtu uliyepewa jina lake ni majina wako, na undugu wake unazidi wa tumbo moja. Kwenye karatasi za shule lilionekana jina la kawaida tu la watu wa kaskazini, lakini kulitamka jina la muasi kungetutia gerezani, kwa hiyo nyumbani tukakuita Majina, basi. Nawe ulikuwa unacheka: "Mama, mi niko na ndugu mukubwa mwenye sijamuona!"

Halafu watu wa asili ya mkoa wa Kasai tukaambiwa na wenyeji wa hapa turudi "kwetu". Kwetu wapi, mi niliyezaliwa hapahapa Kolwezi! Vijana wakaja mlangoni na mapanga, wakasoma kadi yako ya shule, wakatazamana.

"Huyu iko na jina ya batu ya kaskazini. Ni wetu, abakie. Bengine bote, ku gare!"

Jirani yetu Mama Odile, mtu wa kaskazini ya mkoa huu, akakushika mkono. "Ndiyo, ni mutoto wangu," akasema. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni wangu, tata yako akanibana kiwiko ili ubaki salama. Kule gare, stesheni ya treni, watoto walikuwa wanakufa kwa surua kabla treni haijafika. Nilipanda bila wewe, na sikumsemesha tata yako njia nzima.

Miaka ikapita, Komanda akashuka na jeshi lake kutoka mashariki. Mama Odile alinitumia habari jinsi ulivyofunga viatu kwenda kujiunga nalo, ukasema, "Majina wangu ananiita, siwezi kubakia." Komanda akawa rais. Huko Kasai tata yako akavaa suti, akacheza barabarani: "Sasa sisi ni familia ya Prezidenti!" Familia gani, jamani? Mi nilikimbilia kila lori la askari nikiita jina lako, nao wakanipungia mikono wakidhani namshangilia rais. Tata yako alikufa akingoja Komanda atukumbuke. Nilimzika, nikapanda treni kurudi hapa, labda ungenitafuta hapa.

Kisha rais akauawa. Majirani wakatandika mikeka ya msiba mbele ya mlango wangu, maana kwa desturi mama wa majina wa marehemu ni mama wa marehemu pia. Wanawake wakanifunga kitambaa kichwani: "Pole, mama ya Prezidenti." Miaka yote nilikataa kukulilia, kwa sababu sikuuona mwili wako. Siku ile nilijitupa chini nikalia mpaka sauti ikakauka, na watu wakasifu, eti nampenda rais kweli. Wee! Nilikuwa nakulilia wewe, mwanangu, wewe peke yako. Tangu hapo naogopa, maana nimekulilia kama maiti na sijui kama umekufa.

Kama uko muzima, kuya, njoo unigombeze. Simama mlangoni, Kapata nzima isikie, useme, "Mama, ulinililia bure!" Sitajibu hata neno.

Mi mama yako, wako wewe tu.