Macho Yako Niliyoyaonea Wivu

Mdogo wangu Mwanaidi,

Barua hii ikukute hapo Mlandizi ukiwa mzima. Mimi huku Mzenga si mzima, na wewe unajua. Miguu imevimba, na nikienda msalani tu narudi pumzi zimekatika. Nimeletewa habari kwamba mjukuu wako amejifungua mtoto wa kiume, na kwamba umewaambia wote aitwe Salumu, jina langu, kwa sababu bila mimi usingesoma. Kabla mtoto hajapewa jina, nisikilize.

Unakumbuka dungu letu kule bondeni, enzi ya Mwingereza, mpunga ukianza kukomaa? Kazi ya kuamia ndege wasile mpunga ilikuwa yetu sote wawili, lakini sifa zilikuwa zako. Ulikaa juu ya ule ulingo wa miti na kombeo mkononi, ukaliona kundi la ndege wakati kwangu lilikuwa bado vumbi tu angani. Mtu akitokea njia ya Kisarawe, Baba aliuliza, "Nani yule?" Mimi nikakodoa, nikaona kitu cheusi kinatembea. Wewe ukasema, "Mjomba Shomari, kabeba kikapu mkono wa kushoto." Mjomba akafika, na kikapu mkono wa kushoto. Baba akacheka mpaka akakohoa. "Huyu mwanangu ana macho ya mwewe!"

Mimi nilikuwa wa kwanza darasani, Mwanaidi. Nilimaliza kitabu kizima bila kukwama, nikampelekea Baba nimsomee. Akasinzia. Hakujua kusoma, na maneno ya kitabuni hayakumchekesha. Nilikifunika kitabu polepole ili asiamke, nikatoka nje, nikakuta nyayo zenu wawili kwenye udongo wa kuelekea bondeni, zake kubwa na zako ndogo, zimekwenda sambamba. Nikazifuta kwa mguu.

Ni kwa ajili ya macho hayo Baba alikubali uende shule, mtoto wa kike, wakati wenzako walikuwa wakingoja tu siku ya kuwekwa ndani kama mwali. "Anayeona hivi ataona na herufi," alisema. Lakini hukuona. Ubaoni ulisoma vizuri hata ukiwa benchi la nyuma. Ukipewa kitabu mkononi, machozi yakakutoka, kichwa kikakuuma, ukasema herufi zinatambaa. Mwalimu akaona unamfanyia mzaha. "Ubaoni unaweza, kitabuni huwezi? Unanichezea wewe!" Kisha fimbo. Na nani angeamini kwamba macho yako yana kasoro, macho ambayo kijiji kizima kiliyasifu? Watoto wakakuimba njiani: "Mwewe, mwewe, kamata herufi!" Hukuwahi kujua nani aliutunga wimbo ule. Niliutunga mimi.

Baba akatangaza kwamba mpunga ukishavunwa wewe utabaki nyumbani, shule basi. Ukalia siku nzima. Mimi nikala ubwabwa wangu nikashiba.

Kisha nikakuta jambo. Nilikuja bondeni kukupokea zamu, nikakuona umekibana kitabu kwenye panda ya mti wa dungu, na wewe mwenyewe umerudi nyuma mpaka ukingo wa pili wa dungu, shingo umeirudisha, unasoma. Unasoma kweli, neno kwa neno, kwa sauti. Nilielewa palepale. Kitu kikiwa mbali ulikiona, kikiwa karibu hukukiona. Ndugu mwema angekukimbilia akakukumbatia. Mimi nilifurahi kwa sababu nyingine. Nilijisemea: kumbe macho yenyewe ni mabovu! Nikangoja siku ya watu wengi.

Siku hiyo ikaja baada ya mavuno. Wageni walikuwa barazani, Babu Selemani akiwa kwenye mkeka wake anashona kofia, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Baba akaanza tena habari ya mwewe wake. Nikasimama.

"Baba, macho gani hayo? Mwambie atie uzi kwenye sindano ya Babu."

"Salumu, kaa chini," Mama akasema.

"Atie tu. Kidole chake mwenyewe hakioni."

Baba akacheka. "Mpeni sindano. Mwanangu, mwoneshe kaka yako."

Ukashika sindano. Uzi ukapita pembeni. Ukaulowesha kwa mate, ukapita pembeni tena. Ukanyoosha mkono mbali, lakini mkono wenyewe ulikuwa mfupi. Watu wakaanza kucheka, mmoja akasema, "Mwewe kazeeka!" Nilimtazama Baba. Kicheko chake kilikuwa kinamtoka usoni kidogo kidogo, nami nilikuwa nakinywa kama maji. Nakuambia hivi ili uelewe: sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Babu Selemani hakucheka. Alifungua ule uzi wa nyuma ya kichwa, akavua miwani yake ya kushonea, akakuvisha. Ilikufika mpaka mashavuni. "Haya, jaribu sasa, mama."

Uzi ukapita mara moja.

Wewe ukawa umesahau sindano, unakitazama kiganja chako. "Kumbe mkono una mistari mingi hivi," ukasema. Kisha ukanikimbilia, miwani ikiruka puani, ukanikumbatia kiunoni mbele za watu wote. "Kaka ulijua! Ulijua ukanisemea!"

Baba akaja akanishika bega. "Salumu, umemwokoa mdogo wako."

Hapo ndipo ningesema kweli. Lakini Mwanaidi, ile ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa Baba. Nilikuwa nimeingoja tangu nipate akili. Ningeitemaje?

Baba alikupandisha lori la mkaa mpaka hospitali ya Dar es Salaam, mkarudi na miwani yako ya duara. Ukasoma, ukanipita. Mimi nikawa karani bomani Kisarawe. Wewe ukawa mwalimu, na kila ulikopelekwa, hata hapo Mlandizi, hukumwita mtoto mvivu kabla ya kumpa kitabu asome akiwa amekishika, kisha akiwa amesogezwa mbali nacho. Watoto wengi uliwapeleka kwa daktari wa macho, na wazazi wao uliwahadithia habari ya kaka yako aliyeona. Wakawa wananiamkia sokoni. "Shikamoo, mzee. Wewe ndiye kaka wa mwalimu?" Marahaba, nasema, na moyo unaniungua, kwa sababu hata wema wako niliuonea wivu. Baba alipokuwa anaumwa ugonjwa wake wa mwisho, nilikuwa nimekaa kitandani pake na gazeti mkononi. Akasema, "Mngoje Mwanaidi, atanisomea yeye." Ukasoma, naye hakusinzia.

Mpaka leo sauti yako ile ya kumsomea Baba inaniuma. Sikudanganyi kwamba wivu umekwisha kwa sababu nakufa.

Basi nina ombi moja. Nilikuaibisha mbele za watu, na aibu yangu isomwe mbele za watu. Siku ya kumpa mtoto jina, watakapokaa wote, wanao na wajukuu, waliozoea kuniita babu aliyeona, vaa miwani yako uwasomee barua hii. Usiruke mahali, hata pale pa wimbo. Na mtoto huyo, jina lolote mtakalompa, akianza shule mjaribuni macho, ya mbali na ya karibu, kabla mtu hajamwita mjinga.

Sifa aliyonipa Baba ninairudisha; haikuwa yangu. Ukimaliza kusoma, na bado ukataka kumwita Salumu, hilo litakuwa umenipa wewe, nami nitakuwa nimepata jambo ambalo sikukunyang'anya.

Ni mimi,
kaka yako.