Kazi ya Kungojea Simu

Sherbrooke, Canada, tarehe 3 Novemba 2024

Mama yangu mupendwa,

Pokea salamu zetu, mimi na muke wangu Laurence, mukwe wako. Tuko wazima, baridi tu ndiyo inatupima. Magoti yako yanaendelea aje? Umushukuru sana jirani Bibiche juu ya kukukopesha simu yake. Bila yeye, barua hizi zingepita wapi?

Mama, nimepata kazi! Ya kwanza tangu tutoke kambi ya wakimbizi kule Uganda. Ni nyumba kubwa ya kufulia mashuka ya hospitali. Mashine moja inameza nguo za mutaa muzima. Mama mumoja wa bureau, yaani ofisi yao, aliniuliza maswali kwa Kifaransa cha haraka haraka. Akafika pa kuniuliza: "Udhaifu wako ni nini?" Kwetu, mutu anayetafuta udhaifu wako si anataka kukupiga nao? Kisha nikafikiri pengine ni mambo ya afya, nikamujibu: "Mugongo unaniuma kidogo wakati wa baridi." Akacheka, akaandika, akanipa mukono. Wamenikubali! Nimepewa viatu vya kazi na karte yenye picha yangu. Niko "sur appel", maana yake wataniita.

Mutoto wako,
Gauthier

Goma, tarehe 10 Novemba 2024

Gauthier, papa yangu,

Amani kwako na kwa Laurence. Mimi niko muzima, magoti ni yale yale. Bibiche anakohoa lakini anakusalimia.

Barua yako niliisoma pale sokoni Kituku, katikati ya sambaza, visamaki vyangu vya kuuza, nikapiga vigelegele mpaka wanunuzi wakafikiri bei imeshuka. Nikaombesha misa ya shukrani. Padri alipotaja jina lako, watu waligeuka kuniangalia. Sasa ndiyo wananiuliza: anafanya siku gani? Anapumzika siku gani? Umeandika "wataniita". Bado hawajakuita? Mutu aliyepata kazi si anaamuka asubuhi anaenda? Nieleze vizuri, nami nieleze wengine.

Huku mabomu yanasikika upande wa Sake. Lakini ziwa bado linatoa samaki, basi tunaenda sokoni.

Mama yako

Sherbrooke, tarehe 2 Desemba 2024

Mama,

Salamu tele. Uko aje na hayo mabomu? Unalala?

Swali lako limenishinda. Niko na kazi, lakini sifanyi kazi. Hawajaniita hata siku moja. Simu naenda nayo mpaka chooni. Laurence akigonga sufuria, mimi naruka. Nikaenda kuuliza mwenyewe. Yule mama wa bureau akanijibu kwa upole: "Sisi ndio tunakuita, si wewe unakuja." Mukongomani mwenzangu alitaka kunipeleka kwa kazi nyingine, ya shamba, mbali na muji. Nikakataa. Wakiniita nikiwa kule, je? Sasa sijui kama nilifanya akili ao ujinga. Mbele ya watu wa serikali ya huku, mimi ni mutu mwenye kazi. Mbele ya sahani yangu, sina. Wewe ungeniita nani?

Mutoto wako,
Gauthier

Goma, tarehe 15 Desemba 2024

Papa yangu,

Mungu akulinde, na Laurence asipungukiwe nguvu. Huku tunapumua.

Mimi na Bibiche tumesoma barua yako tena na tena, hakuna aliyeelewa. Hao watu ni kama mwanaume aliyetoa mahari, kisha haji kuchukua bibi. Binti si wa kwa baba yake tena, na kwa bwana yake hajafika. Sikia shauri la mama yako. Pale Kituku, mubebaji asiyesimama karibu na mitumbwi habebi kitu. Anayeonekana ndiye anaitwa. Vaa vile viatu vyao, enda ukae kwa mulango wao asubuhi. Hawatakupita kila siku kama jiwe.

Unauliza juu ya vita. Bibiche anafunga vitu vyake, anasema twende wote. Lakini nilikimbia Rutshuru na wewe mugongoni, nikakimbia moto wa volkeno, na kila mara nilirudi kuanza upya na kikapu kimoja. Sijui kama miguu itakubali tena.

Mama yako

Sherbrooke, tarehe 19 Januari 2025

Mama,

Nakusalimia kwa haraka, unisamehe.

Nilifuata shauri lako. Nikavaa viatu, nikakaa kwa mulango wao, theluji inaniangukia. Mulinzi akatoka akaniuliza kama niko mugonjwa. Nikasema hapana, nangojea kazi. Akaniletea kahawa, kisha akaita musimamizi, muzungu mwenye ndevu nyekundu, jina lake Julien.

"Unafanya nini hapa?"

"Nangojea munione."

"Tunakuona, lakini wafanyakazi wanaogopa mutu anayekaa mulangoni."

Akanirudisha nyumbani kwa gari yake, bila kunitukana. Sasa sijui kama nimejiharibia ao nimejitengenezea.

Lakini tuache hayo. Redio inasema vita inakaribia Goma. Toka, Mama. Usingojee kuona. Nijibu hata neno moja.

Gauthier wako

Goma, tarehe 25 Januari 2025

Gauthier,

Mpaka saa hii tuko wazima. Watu wa Sake wanashuka na magodoro juu ya kichwa. Umeme umekatika. Bibiche anavuka mupaka kwenda Gisenyi, Rwanda, kwa dada yake, na simu ni yake, anaenda nayo. Mimi nimepata nafasi katika mutumbwi wa Mulumeoderhwa, yule anayetuletea samaki. Sijui atatushusha wapi, na yeye hajui. Namba yako naijua kwa kichwa. Usikae kulia. Wakikuita kwa kazi, uende.

Mama yako

Sherbrooke, tarehe 23 Februari 2025

Mama,

Barua hii naituma kwa simu ya Bibiche, pengine siku moja atakuona. Nilitaka kuanza na kukuuliza afya kama kawaida. Mukono ukakataa.

Asubuhi ile Goma ilipoanguka, simu ililia nikinyoa ndevu. Namba sikuijua. Nikapiga kelele: "Mama!" Sauti ya mwanaume ikajibu: "Gauthier? Ni Julien. Unaweza kuja leo?"

Nilikaa chini bafuni na povu usoni. Laurence akanishika bega. "Mama alikuambia nini?" akaniuliza. Nikaenda.

Tangu pale wananiita karibu kila siku. Mashuka yanatoka moto, tunakunja wawili wawili, na mimi kila shuka najiuliza wewe umelalia nini. Siku moja nikajikuta naimba kwa sababu kazi inaenda vizuri. Nikaona aibu, na sijui nilimuonea nani.

Simu haziruhusiwi karibu na mashine. Nikamwambia Julien: "Mama yangu amepotea katika vita." Akanyoosha mukono nimupe simu. Sasa simu yangu inakaa mbele yake kwa meza.

Juma hili nikamuona anakimbia kati ya mashine, simu juu, mudomo wazi, simusikii. Kufika, simu imekatika. Nikaita ile namba, ilikuwa ya Congo. Haipatikani. Julien alisimama pale anajikuna ndevu: "Nilimwambia angojee. Nilimwambia!"

Ulikuwa wewe? Sema ulikuwa wewe.

Mutoto wako,
Gauthier

Rumonge, Burundi, tarehe 9 Machi 2025

Gauthier, papa yangu,

Salamu ya kwanza ni hii: niko muzima. Soma tena: niko muzima. Magoti yamevimba, lakini yamenifikisha. Laurence naye, nawakumbatia wote wawili.

Mulumeoderhwa alitushusha upande wa Kalehe. Nikafika Bukavu, nayo Bukavu ikaanguka. Nikaenda na wengine mpaka Uvira, mara kwa gari, mara kwa miguu. Pale mwalimu mumoja tuliyetembea naye alinikopesha simu. Ikalia, ikashikwa. Nasikia muzungu anapiga kelele kwa Kifaransa: "Mama! Mama! Ngojea!" Mimi, mutoto muzungu nilimuzaa wapi? Na nyuma yake kelele kama mashine ya kusaga. Nikafikiri wameiba simu ya Gauthier, ao Gauthier amekufa na huyu ndiye anagawa vitu vyake. Nikakata. Kuanzia pale mpaka mupaka wa Burundi nilikulilia kama mutu anayetoka kuzika. Juzi ndipo nilimupata Bibiche kwa simu kule Gisenyi, akanisomea barua yako. Nilicheka, nikalia, nikarudia kucheka. Umwambie Julien mama yake wa Congo anaomba musamaha.

Sasa sikia mambo ya huku. Hili ni ziwa lingine, na kasamaki kake ni ndagala, kadogo kama sambaza lakini si kenyewe. Nikawaendea wanawake wanaoanika. Mwenye kazi anaitwa Mama Émérance, na simu hii ni yake. Akaniuliza:

"Ulishafanya kazi hapa Burundi?"

"Nimefika juzi."

"Na utakaa mpaka lini? Sitaki kufundisha mutu, kesho amerudi kwao."

Nikisema nitakaa, nimekana nyumba yangu. Nikisema nitarudi, nitakula nini? Nikamwambia: "Mama, sijui. Leo niko."

Akaangalia miguu yangu, akaangalia ziwa. "Basi anza leo," akasema.

Naanika tangu siku ile. Nageuza vibaya, wenzangu wananicheka kwa Kirundi, nami nacheka nao bila kuelewa. Kuna wanaoniuliza kama mimi ni mukimbizi ao mufanyakazi. Sijui wanataka jibu gani. Pengine wewe unajua, wewe ulitangulia.

Lakini usiniite muchana. Mikono yangu imejaa samaki, na Mama Émérance hataki simu karibu na vichanja vya kuanikia. Niite jioni, nikiwa nimenawa.

Mama yako