Nyasi za Ebeneza

Njombe,
Alhamisi jioni

Dada yangu Yudita,

Kamwene. Natumaini unaendelea vizuri hapo Makambako na goti limepungua kuuma. Sisi huku tu wazima. Wifi yako Elina anakusalimu, manyunyu hayajakatika wiki ya nne sasa, na mimi bado nina kikohozi changu na ubishi wangu. Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Kwenye simu ningeanza kujitetea kabla hujamaliza kuitikia.

Habari ni za sungura wa Irine. Mwanao alipokwenda bweni Kidugala aliniachia wale wawili, Kiazi na Ulanzi, pamoja na maagizo kwenye karatasi ya daftari: nyasi kavu kila siku, nyingi kuliko chakula kingine chochote. Nilicheka, kisha nikaenda kusoma, nikakuta mtoto yuko sahihi. Meno ya sungura hayaachi kukua, na nyasi ndizo zinazoyasaga. Tumbo lake likikosa nyasi, husimama. Ndiyo maana nilikuomba uninunulie marobota mawili kwa jirani yako Ebeneza.

Robota la kwanza walilikataa. Walinusa, wakageuka. Nilizining'iniza nyasi kwenye wavu, nikazijaza kwenye boksi la sabuni wazichomoe kama mchezo, wapi! Elina akasema labda kosa si la nyasi. Nikamwambia aniachie, yeye apike. Akajibu kwamba atapika, ila nisije kumfundisha chumvi.

Nilichofanya baadaye unakijua, maana kundi zima la wafugaji lilikisoma kwenye simu. Niliandika aya saba kwamba Ebeneza anauza nyasi zilizopigwa dawa ya magugu, na kwamba watu wa namna yake ndio wanaoua ufugaji nchi hii. Yeye alijibu mstari mmoja: kaka Nahumu, karibu uone shamba. Nikamtandika aya nne nyingine. Ukanipigia kunieleza kwamba wateja wamemkimbia, marobota yanamuozea ghalani, na mkewe Telesia anakaa benchi la nyuma kanisani asiulizwe maswali. Nikakwambia ukweli unauma.

Jana asubuhi nilimkuta Ulanzi amejikunja kwenye kona, masikio ya baridi, na chini yake hakuna kinyesi hata kimoja. Nilimpigia Peace, afisa mifugo wetu, binti mdogo ambaye nilikwisha kumkatiza mara mbili mkutanoni. Alikuja na pikipiki, ametota. Alimpapasa Ulanzi tumbo. Akasema utumbo umesimama, na kama hautaanza kufanya kazi kabla ya jioni, tutampoteza. Kisha akaomba kuziona nyasi.

Nilimpeleka jikoni kwa fahari. Nilikuwa nimezipandisha kichanjani, juu ya moto, tunakoweka mahindi ya mbegu, ili zisiote ukungu kwa unyevu huu. Peace alichomoa kishada, akanusa, akanipa nami ninuse. Moshi mtupu. Akasema, mzee, hata wewe usingekula.

Hilo nililimeza. Nilikwisha hata kuanza kulitungia maelezo, baridi ya Njombe, desturi ya wazee wetu. Lakini aliuliza jambo la pili: kama hawali nyasi wiki tatu, wameishi kwa kula nini? Nikasema majani ya bustani. Akauliza tena, bomba la sindano mkononi, akasema lazima ajue kilichomo tumboni kabla hajampa chochote. Nikasema majani. Elina alikuwa mlangoni, ananitazama. Ulanzi alisaga meno, na Peace akasema hiyo ni sauti ya maumivu.

Dada, nilikuwa nawapa mkate. Mkate, pumba, na chapati niliyoichovya kwenye chai, kila asubuhi tangu siku ya kwanza, kabla ya nyasi, kabla ya moshi. Nilijua ni vibaya, nilikuwa nimesoma. Lakini nikikaa kibarazani walikuja mbio, wakasimama kwa miguu miwili, wakala mkononi mwangu. Mji huu hakuna anayenijia mimi mbio. Watu wakiniona kwa mbali wanakumbuka kwamba wana shughuli upande mwingine. Na siku nilipoandika zile aya saba, makombo yalikuwa bado magotini pangu.

Nilimwambia Peace, mbele ya Elina. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonichoma. Alimpa Ulanzi maji na dawa, akanionyesha namna ya kumsugua tumbo taratibu, akaondoka. Nilimsugua hadi mkono ukafa ganzi. Saa kumi na moja jioni Ulanzi alitoa vidonge vitatu vya kinyesi, vidogo, vigumu. Elina alivihesabu kwa sauti kama mtu anayepokea sadaka.

Leo asubuhi nimefungua robota la pili, ambalo lilibaki stoo na halikuonja moshi. Sikuwapa mkate. Kiazi alikuja kwanza. Ulanzi alikawia, nami nilikaa pale bila kusema neno, jambo ambalo Elina anasema hajawahi kuliona. Kisha akavuta unyasi mmoja. Akavuta mwingine. Nyasi za Ebeneza, dada. Anazila hadi sasa ninapoandika, nasikia taya.

Kwenye kundi nimeandika hivi tu: "Nyasi za Ebeneza ni safi. Moshi ni wangu, mkate ni wangu, na uongo ni wangu." Lakini hiyo haitoshi. Jumamosi nakuja Makambako, na nitapita kwake kabla ya kufika kwako. Usinitangulie kunitafutia maneno laini. Akitaka kunifukuza, anifukuze. Nimemwahidi Elina kwamba sitajibu.

Irine akirudi likizo, mpe barua hii aisome yote. Nisalimie shemeji Enoki na wote wa hapo nyumbani. Mungu akulindie goti hilo.

Ni mimi mdogo wako,
Nahumu