Baiskeli Iliyobaki Voi

Mraru, Voi
Jumapili, 12 Januari 2025

Mpendwa dada yangu Rispa,

Mwezi huu natimiza miaka arobaini na tisa tangu nipande treni pale Webuye. Niliondoka kwa kandarasi ya miezi sita ya kukarabati reli ya Taveta. Wewe ulikuwa darasa la tano; ulilibeba sanduku langu la bati kichwani hadi stesheni na hukukubali mtu akupokee. Hilo naliona vizuri kuliko ninavyouona ukurasa huu.

Mulembe, dada. Habari za kustaafu? Habari za magoti? Mimi mzima kwa kiasi changu. Jicho la kushoto linaniaga pole pole, kwa hiyo gazeti nalisoma asubuhi kabla jua halijawa kali, na vitabu nasoma kidogo kidogo, ukurasa leo, ukurasa kesho. Binti yangu Alice bado anafundisha kule Mghange, hushuka kuniona akipata nafasi. Tangu mke wangu Wakesho atutoke nyumba hii ina sauti moja tu, nayo imechoka kujisikia.

Barua yako ya Krismasi ilifika. Nafurahi kwamba mwanao Tom anataka kukupeleka kuiona bahari. Mwalimu amefundisha ramani miaka yote hiyo, ni haki yake aione ile sehemu ya buluu. Ila ujue treni ya sasa si ile iliyonileta. Stesheni mpya iko nje ya mji, inang'aa, watu wanashuka wakiwa hawana hata vumbi. Ile ya zamani nilikoanzia kazi, kabla sijawa karani wa shamba la mkonge, sasa majani yameota katikati ya reli, na mbuzi wanalala kwenye jukwaa.

Umeniuliza kuhusu kurudi. Mwaka huu, nikijaaliwa, nitakuja nipaone pahali pangu. Wasalimie wote hapo nyumbani, na Wesonga, mtoto wa baba mdogo, mwambie sijamsahau.

Ndugu yako mkubwa,
Nicodemus


Kimilili
16 Februari 2025

Kwa kaka yangu mpendwa,

Mulembe. Natumai jicho halijazidi. Huku sisi wazima, mvua imechelewa, na mimi bado naishi katika jiko la mama. Paa limeanza kunitonea hata kabla mvua haijaja. Sijui maji yanatoka wapi.

Sasa sikiliza mpango. Tutasafiri mwezi wa nne, Pasaka ikishapita. Mimi nitapanda treni Nairobi, nishuke Voi, unipokee. Tom atakuja na gari, nyuma amefunga baiskeli mbili. Siku hizi ana ugonjwa wa baiskeli. Anaamka alfajiri Nairobi anakimbizana na malori, amevaa kaptura ya kubana mpaka nikamuuliza kama fundi alipungukiwa kitambaa. Akaniambia, "Mama, hii ni ya kupunguza upepo." Nikamwambia upepo umempunguza yeye.

Tutazunguka mlima Kasigau, wewe na yeye kwa baiskeli, mimi kwa gari nyuma yenu kama mgonjwa mwenye heshima. Kisha baharini siku chache. Tom ana kazi Mombasa baada ya hapo, kwa hiyo mimi na wewe tutarudi kwa treni.

Nina jambo la kuongea nawe ana kwa ana. Simu tuliiachia misiba, na barua haina uso. Beba nguo za kutosha. Beba na sweta.

Dada yako,
Rispa


Kimilili
4 Mei 2025

Kaka,

Mulembe. Sitauliza habari za afya yako. Mtu anayeruka treni ana afya.

Nilifika salama. Ulitaka kujua hilo, nadhani, ingawa hukupiga simu. Sweta yako ninayo. Uliiacha chini ya kiti pamoja na begi.

Niliirudia safari yote akilini nikiwa peke yangu kuanzia Voi, nikitafuta ni wapi nilipaswa kujua. Nimeona ni siku ya kwanza kabisa. Ulikuja kunipokea stesheni kwa ile baiskeli yako nyeusi, ukamwachia yule mlinzi Mkamba, Musyimi. Tom akakwambia, "Mjomba, tuipitishe nyumbani kwanza." Ukasema, "Iache tu hapa, nitaipitia." Nilikusikia kwa masikio yangu. Mtu anayeondoka haachi baiskeli langoni kwa stesheni.

Halafu pale Makwasinyi, tukizunguka mlima. Tom alipopata pancha ya miiba, nawe umempita pole pole kwenye ile baiskeli yake ya akiba kama mtu anayekwenda kununua chumvi, wale akina mama waliokuwa wanapalilia pojo walisimama wakasema kitu kwa lugha ya huko, ukacheka hadi ukashuka. Sisi tukangoja. Baadaye ndipo ukatutafsiria: "Babu, huyo kijana umemtoa wapi, na suruali yake imebaki na nani?" Tukacheka, lakini wewe ulikuwa umeshamaliza kucheka na wenzako.

Baharini nilifurahi, sitakudanganya. Niliingia na nguo zangu zote na wewe umenishika mkono kama siku ile ya utoto wangu kwenye mto Kibisi. Nilijisemea, huyu atakuja. Ndiyo maana tiketi yako niliikata hadi Nairobi. Nilikuambia tukiwa kwenye foleni pale Mombasa, mizigo imepangwa chini ili mbwa wa polisi wainuse. Hukusema ndiyo, hukusema la. Ulibeba begi langu juu ya lako.

Treni iliposimama Voi ukasema unakwenda kunyoosha miguu. Mhudumu akafunga mlango. Nikakuona chini, kofia mkononi. Nawe ukaniona. Hukupunga mkono, nami sikupunga. Kiti kilikaa kitupu mpaka Mtito Andei, kisha mama mmoja akaomba amlaze mtoto wake hapo. Nikamkubalia.

Niandikie. Usiponiandikia nitaelewa pia.

Dada yako,
Rispa


Mraru, Voi
25 Mei 2025

Dada yangu Rispa,

Mulembe. Nimefarijika kwamba ulifika. Simu niliishika mara nyingi, lakini tulikubaliana ni ya misiba, na sikujua kama hili ni msiba au si msiba. Umenuna, na una haki.

Nilipomwachia Musyimi baiskeli sikuwa na mpango wowote. Niliifunga mnyororo kama ninavyoifunga nikienda sokoni. Na pale kwenye foleni ulipotaja Nairobi, nilikusudia kwenda. Niliwaza hata ni wapi sweta iko ndani ya begi.

Tulipopita Mackinnon Road ulikuwa unanisimulia kisa cha mama na jogoo wa padre. Ni kisa kizuri, na wewe unakisimulia kumshinda mama mwenyewe. Lakini Kibukusu chako kilinifikia kwa kuchelewa, kama redio inayotoka kwa jirani. Nilikuwa bado nageuza maneno wakati wewe umeshamaliza, na nikacheka umeshanyamaza. Ukanitazama, kisha ukatazama nje. Sijui kama wakumbuka. Mimi sijasahau.

Halafu mlima Sagalla ukatokea dirishani, na udongo ukawa mwekundu. Unajua watu wa Voi husimama mapema kabla stesheni haijafika, kana kwamba treni itawanyima. Nikajikuta nimesimama. Sikuamua, Rispa. Miguu ilisimama na wenzake. Nilipokuwa chini nikageuka kupanda tena, mlango ulikuwa umefungwa, na mwilini mwangu nilihisi kitu nisichokitegemea: nilikuwa nimepumzika.

Musyimi alinitazama akasema, "Mzee, hiyo safari ya kwenu imekuwa fupi." Nikamwambia nimesahau sweta. Akasema, "Sweta, na hili jua? Twende nikupeleke hospitali."

Nilikokota baiskeli sehemu kubwa ya njia, maana nguvu za kuipanda sikuwa nazo. Alice alikuja jioni akanipikia. Tangu siku hiyo nimechoka uchovu usioondoka kwa usingizi.

Nakuomba usihesabu kwamba nimekataa. Ilikuwa ghafla mno. Mwaka ujao, nikijaaliwa, nitakuja vizuri, kwa kujiandaa.

Kaka yako,
Nicodemus


Kimilili
22 Juni 2025

Kaka Nicodemus,

Mulembe kwako na kwa Alice. Pole kwa uchovu. Mimi pia nimechoka, na leo nitakwambia kwa nini, kwa sababu baharini nilishindwa. Ulikuwa umefurahi, na nilikuwa sijakuona umefurahi tangu nikiwa mtoto.

Tangu mume wangu afariki na ndugu zake kunionyesha njia, nimelala katika jiko la mama. Mama mwenyewe nilimuuguza humo hadi akatuacha. Pembeni, pale nyumba yako ya ujana ilipoangukia, pana nafasi tambarare. Mara mbili nimeleta mawe ya msingi. Mara zote mbili Wesonga amekuja na fimbo yake akasema, "Mwalimu, hapa ni kwa Nicodemus. Nicodemus anakuja. Akija akute mwanamke amejenga, tutamwambia nini?" Mawe yakarudishwa barabarani. Na anapongoja uje, yeye hulima mahindi hapo.

Unajua ni nani amemwambia kwamba unakuja? Ni mimi. Barua zako huwa nazisoma kwa sauti, majirani wote wakiwa wamekaa, kwa sababu wanapenda unavyoandika. Wanangoja hasa mwisho, pale unaposema mwaka huu au mwaka ujao. Wesonga hupiga makofi.

Najua sheria inanipa haki. Lakini sheria hailali mlango kwa mlango na Wesonga, mimi ndiye ninayelala.

Kwa hiyo nielewe. Nilitaka urudi, siwezi kusema sikutaka. Lakini zaidi ya kurudi nilitaka jibu. Ukija, jenga, nami nitapata kona kando yako. Usipokuja, sema huji. Ni hiyo "mwaka ujao" yako inayonilaza jikoni.

Nimewaendea wazee. Wamesema mwenye pahali asipoweza kufika, neno lake lisomwe mbele ya watu, na kitu kilichozoewa na mkono wake kisimame pale siku ya kuchimba msingi. Kwetu ndivyo ilivyokuwa hata kwa waliokwenda vitani. Nikawapelekea sweta. Wesonga akaigeuzageuza akasema, "Hii hata mimi naivaa." Wakacheka, na kikao kikaisha.

Sitakuandikia tena hadi nisikie kutoka kwako.

Rispa, dada yako


Mraru, Voi
14 Septemba 2025

Mpendwa dada yangu Rispa,

Mulembe. Nimekaa kimya muda mrefu. Jicho la kushoto sasa limefunga kazi, kwa hiyo mwandiko huu usiucheke. La kulia lipo, na mengine yote yapo. Natumai kwamba u mzima na kwamba paa limekuvumilia.

Soma barua hii kama unavyozisoma zingine, kwa sauti. Wesonga na akae mbele.

Mimi Nicodemus, mwana wa Nabwile, nasema nikiwa na akili zangu. Pale nyumba yangu ilipokuwa, kuanzia ua wa mama hadi njia ya mtoni, ni pa Rispa. Ajenge nyumba ya mawe, ya vyumba anavyotaka, madirisha yaangalie mlima. Asiombe ruhusa kwa mtu. Wesonga, ndugu yangu, mahindi yaliyo shambani yavune, ni jasho lako. Baada ya hayo usipande tena. Tulichunga ng'ombe pamoja na hukuwa mtu mbaya. Mimi ndiye niliyekupa sababu, mwaka hadi mwaka.

Tom alifika hapa jana akitoka Mombasa. Safari hii amevaa suruali ndefu, labda ameogopa wale mama wa Makwasinyi. Nimempa baiskeli yangu nyeusi. Ameifunga nyuma ya gari, kando ya ile yake yenye gia nyingi, na akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Baiskeli hiyo ndiyo mkono wangu. Nimeishika kila siku tangu Alice akiwa mchanga; vishikio vimelika mahali pa vidole vyangu, na mtu akibisha avishike aone kama vinamtosha. Breki ya nyuma haishiki, watoto wasishuke nayo mteremko. Siku ya msingi isimamisheni pale kwenye kona, na nyumba ikiisha iegemeze ukutani, upande usiopigwa na mvua.

Leo asubuhi nimetembea hadi barabarani kununua gazeti. Musyimi, aliyekuwa anapita, akauliza, "Mzee, iko wapi mashine?" Nikamwambia imekwenda kwetu. Akanipokea gazeti akatembea nami hadi mlangoni.

Pahali pangu pa kulala nimemwonyesha Alice, nyuma ya nyumba, karibu na mama yake. Pana kivuli mchana. Ukipenda kuja kuniona, treni unaijua, na kutoka stesheni hadi hapa mtu yeyote atakuonyesha. Nitakuwa nimekaa nje. Kile kisa cha jogoo wa padre unisimulie tena, lakini pole pole.

Usiwaambie watu mwaka ujao. Nilipaswa kuliandika neno hili zamani, nawe ungekuwa umelala kwako. Sitarudi.

Ndugu yako mkubwa,
Nicodemus