Majani Aliyoyakimbia Mwamuzi wa Kamba

Mshauri mpendwa, nakusalimu, kisha naomba unishike mkono maana nimefikwa. Mimi ni muuza nguo hapa Arusha, kwetu pwani, na kwa kuwa si Mwarusha wala Mmeru nilichaguliwa mwamuzi wa kuvuta kamba penye boma la Wadachi, nikapewa filimbi, nikafurahi, kumbe sijui ninachokifurahia, kwani kitambaa cha katikati kilivuka mstari upande wa Wameru nami nikapuliza kama nilivyoona, basi morani wa Kiarusha wakanijia na marungu, kelele mpaka ardhi inatetema, ndipo mzee wao Parsimei akang'oa majani mabichi akayainua mbele yangu, na wallahi umati mzima ukanyamaza, nikasikia upepo wa mlimani peke yake, nikajua naapizwa, nikatupa filimbi nikakimbia. Tangu hapo nikipima nguo nakosea kipimo, chakula hakipiti, mteja akipaza sauti najificha nyuma ya majora. Sikukuu ya Kaisari wa Ujerumani inakaribia na wananitaka tena niwe mwamuzi. Mke wangu Siwema anasema tufunge virago turudi Pangani. Nifanyeje?

Jamaldini, Arusha

Ndugu Jamaldini, pole sana. Kelele za watu wengi zikimwangukia mtu mmoja, hata jasiri hutetemeka, usijionee haya. Lakini nawe! Unawauzia watu shuka miaka yote, hujawauliza majani ni nini? Asiyejua maana haambiwi maana, ila wewe nitakuambia. Mimi ni Mmeru wa Nkoaranga, jirani yao Waarusha. Kwao ng'ombe ndiye uhai, na ng'ombe huishi kwa majani, kwa hiyo anayeyainua anaomba amani, na mbele yake hapigwi mtu. Mzee yule alisimama kati yako na marungu! Nimesoma barua yako mwili ukinisisimka: wanaume wote wale, na hasira ile, wakatulizwa na majani ya kiganja kimoja. Nawe ukamwacha nayo mkononi, ukatimua mbio.

Pangani huendi. Nenda kwa Parsimei, mwamkie shikamoo, umwombe radhi, umwambie hukujua. Siku ya mchezo kula kwanza. Uwanjani tazama kitambaa, usitazame nyuso. Moyo ukidunda, uache udunde, na filimbi ikishalia usibishane na mtu.

Wakikujia tena, usikimbie. Inama, ng'oa majani, uyainue mwenyewe.