Nafasi ya Ishengoma Golini

Jumatatu, 5 Julai 1954

Tumefungwa tena. Matano! Na timu ya hospitali – watu ambao mwaka jana walikuwa wakituomba tuwafundishe kushika gongo la hoki.

Jioni barazani kwa Mzee Muharami, fundi cherehani, maneno yakawa yaleyale: kipa, kipa, kipa. Tangu Ishengoma afariki mwezi wa nne tumejaribu watatu. Wa kwanza anafumba macho mpira ukija. Wa pili anaukimbia. Wa tatu, wa leo, haukimbii wala hafumbi macho, ila anauona ukishaingia. Ndyamukama, yule muuza samaki wa sokoni ambaye hajakosa mechi hata moja, anasema kosa si la kipa, ni la mabeki. Wakae watatu nyuma, basi hata ukipanda mgomba golini utatosha. Mzee Muharami akamjibu bila kuinua macho kwenye cherehani: hoki si kandanda, mpira wake ni mgumu kama jiwe, na mbele ya jiwe mtu hasimami kwa kupangwa, anasimama kwa moyo aliozaliwa nao. Wengine wanataka tumwazime yule Mgoa, karani wa ofisi ya boma. Wengine wanataka makipa wawili, kila mmoja adake kipindi chake.

Mimi ndiye mpigaji wao – Burhani wa kona fupi, lile pigo la adhabu karibu na goli. Hakuna aliyeuliza kwa nini tangu mwezi wa nne sijafunga hata bao moja. Wanatazama goli letu tu. Afadhali.

Jumatano, 7 Julai

Mazoezi. Bartholomayo, nahodha wetu, akaniambia nimpigie kipa mipira kumi. Nikapiga kumi. Yote laini, kama mtu anayesukuma yai. Akaniuliza kama naumwa. Nikasema bega.

Si bega.

Nikiinua gongo namwona Ishengoma. Si ndotoni – saa kumi jioni, jua kali, watu wamejaa uwanjani. Anasimama karibu na nguzo ya kushoto kama alivyozoea, magoti kayakunja, na mkono wa kushoto juu.

Niandike. Hapa hasomi mtu. Zuena mke wangu anasoma herufi za Kiarabu tu.

Siku ile tulibaki wawili uwanjani. Wenzetu walikwisha kwenda. Ishengoma akasema mpira hauonekani vizuri tena, tuache. Mimi nikasema moja la mwisho. Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Aliinua mkono kabla sijapiga – niliuona. Nikajiambia ni mkono wa kusema niko tayari. Lakini mpira ulimpata nyuma ya sikio. Nyuma! Maana yake alikwisha kugeuka kwenda zake. Akaanguka, akakaa, akacheka. Akasema kichwa kinavuma kidogo. Nikamsindikiza hadi chumba alichopanga, njia nzima akinitania. Kesho yake akapanda lori kwenda kwao Izigo kupumzika. Siku ya tatu habari ikaja: amefariki, homa ya kichwa.

Kila mtu akasema homa. Nami nikasema homa.

Ijumaa, 9 Julai

Baada ya sala Mzee Muharami akanishika mkono pale msikitini, hakuniachia hadi barazani kwake. Wamekwisha kuamua. Ishengoma ana mdogo wake, Josia, yuko Izigo kwenye shamba la kahawa la baba yao. Alikuwa kipa hodari alipokuwa shule. Timu ya Mwanza inakuja na meli, tunacheza nayo Jumamosi ijayo. Lazima Josia apatikane.

Nikasema hata mimi naona hivyo. Nikauliza nani ataenda.

Wewe, wakasema. Ulikuwa rafiki wa marehemu. Mama yake anakupenda, hakuna aliyelia kwenye mazishi kama wewe.

Kweli. Hakuna aliyelia kama mimi.

Jumapili, 11 Julai

Izigo. Nimerudi sasa hivi, vumbi la lori bado limo masikioni.

Nilifika wako kanisani, nikangoja chini ya migomba yao. Anatolia, mama yake Ishengoma, aliponiona alitupa kitabu chake cha nyimbo mikononi mwa mtu akaja nusura akimbie. Akaita kwa Kihaya: Waitu, Burhani, mwanangu! Akanipa buni za kutafuna kabla hata sijakaa. Kisha nikamsikia akimtuma mtu kwa jirani Mwislamu aje kuchinja kuku, ili nile kwa amani. Mama Mlutheri, na msiba wake, akakumbuka hilo. Nilimaliza sahani yote.

Baada ya chakula akanipeleka kaburini, huko nyuma ndani ya kibanja, katikati ya migomba. Udongo umekwisha kushuka. Kapanda maua mekundu kichwani mwa kaburi. Akasimama, akavuta kanga mabegani, akasema:

"Ninyi mlikuwa naye siku zile. Mtu mzima hafi kwa homa ya siku mbili bila kusema anaumwa wapi. Kwangu kila mtu ananyamaza. Hakulalamikia kitu huko Bukoba?"

Ndiyo hiyo nafasi. Mungu aliiweka mbele yangu, mchana kweupe, hakuna mtu mwingine. Mdomo wangu ukafunguka.

"Hakulalamika, Mae."

Nilimwita Mae, kama wanavyomwita watoto wake. Juu ya kaburi la mtoto wake.

Akaitikia kwa kichwa. Akainama akang'oa jani moja la magugu, akalishika hadi tulipofika nyumbani.

Josia alikula akitazama sahani yake. Ana miaka kama ishirini na miwili, mabega ya kaka yake, ila hacheki. Nikamweleza shida ya timu, nikijua najieleza vibaya, nikitumaini atakataa. Hakuuliza hata mechi ni ya nani. Alisema tu: "Nitakuja. Nilikuwa nangoja kuitwa."

Jumatatu, 12 Julai

Barazani furaha. Ndyamukama peke yake analeta ubishi: kaka si mdogo, na kipa hapatikani kwa ukoo kama ufalme. Mzee Muharami anasema basi tumwone kwanza. Wamebishana mpaka chai ikapoa. Nimeondoka mapema. Zuena anasema nimekonda.

Alhamisi, 15 Julai

Nitaandika yote ya leo.

Josia kafika mchana. Saa kumi akaingia golini. Ni kipa! Hata Ndyamukama akaacha ubishi. Anajikunja chini, haharakishi, mpira unamjia mwenyewe. Watu walianza kupiga makofi. Bartholomayo akasema sasa kona fupi, Burhani apige.

Nikainua gongo. Wakawa wawili golini. Mmoja katikati, amejikunja. Mwingine kwenye nguzo ya kushoto, mkono juu.

Nikausukuma mpira, ukaenda kwa Josia taratibu kama kifaranga. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu. Bartholomayo akapiga kelele, wewe Burhani, unampigia bibi yako? Hapo Josia akatoka golini, akanijia polepole hadi karibu kabisa. Wengine walidhani anarekebisha kitu kwenye pedi.

"Kaka Burhani, mbona hunipigii?"

Nikasema nimepiga.

"Hujapiga. Sikiliza. Kaka alipofika nyumbani alikuwa bado anaongea. Siku nzima aliongea nami. Najua mpira ulitoka wapi."

Nikashikilia gongo kama mzee na mkongojo wake. Nikamwuliza alisema nini.

"Alisema ni mchezo. Alisema nisimwambie Mae, asije akakuchukia. Nimelishika neno hilo miezi mitatu. Mae ananiuliza kila siku, nami namtazama usoni nasema sijui. Halafu wewe ukaja, ukala kuku wake, ukamwambia hakulalamika. Mae alinisimulia mwenyewe."

Na mkono? nikamwuliza. Alisema lolote juu ya mkono?

Akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha. "Mkono gani?"

Kwa hiyo hakusema. Au alisahau. Au hakukuwa na mkono wowote – lakini nauona! Niliuona siku ile na nimeuona leo.

Josia akasema hawezi kuivunja ahadi ya marehemu. Ila mimi Burhani, akasema, sikumwahidi mtu. Jumamosi Mae anakuja kumtazama akicheza. Nimwambie mwenyewe kabla mechi haijaanza. Vinginevyo hatasimama golini, na baraza zima litataka kujua sababu. Hakusema kwa hasira. Hilo ndilo baya. Kisha akarudi kati ya nguzo akainama.

"Sasa piga."

Nikapiga kwa nguvu. Mpira ulikwenda mbali, upande wa kulia, ukapotelea kwenye majani. Watu wakacheka.

Jumamosi, 17 Julai

Saa saba mchana. Mechi saa kumi.

Watu wa Mwanza wameshuka asubuhi, wote wenye miili mikubwa, na mmoja ana gongo lililofungwa utepe mweusi. Wanapita mtaani kwetu Bilele wakiimba. Kwa Mzee Muharami wanabishana tena: Josia aanze, au Mgoa aanze na Josia aingie kipindi cha pili. Ndyamukama kageuka, sasa anaapa hakuna kipa kama Josia ziwa zima. Hawajui kama kuna kipa au hakuna. Najua mimi na yeye tu.

Nilitoka asubuhi kwenda kumngoja Anatolia lori linaposhusha. Nikafika, nikasimama nyuma ya magunia, nikamwona akishuka na mkoba wake. Nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Naandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Lakini mama yule aliniulizia njia nzima, na Bilele kila mtu anaijua nyumba yangu. Amefika. Yuko sebuleni sasa, nami chumbani, pazia tu katikati.

Zuena kaja. Ananong'ona kwamba mgeni kakataa chai. Kakataa na kiti kizuri, kakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mkoba mapajani. Kasema ana neno moja la kuniuliza, kisha atakwenda uwanjani kwa mwanawe.

Nikamwuliza Zuena: yuko kama mtu anayejua?

"Anayejua nini, Baba Shamsia?"

Nimeinamia daftari kana kwamba nina kazi. Bado amesimama hapa, ananitazama jinsi ninavyoandika. Na huko nje ya pazia nasikia kigoda kikisogea. Mae ameinuka.