Mpaka Ng'ombe Azae

Mdogo wangu Neema,

Sasa hivi Baraka amechukua fimbo ya bibi yake, akashika goti na kuzunguka sebuleni akisema, "Aai, Yesu wangu!" Mama amecheka mpaka machozi, halafu akafuta uso, akachukua fimbo yake na kujikongoja kwenda bandani. Wengine huku Makumira hatujambo, ila baba ana mafua.

Umeuliza kwa nini mama asifanyiwe upasuaji wa magoti yote mawili kwa pamoja, tukamaliza. Hilo ndilo linaloniuma. Ulikuwa bado shuleni daktari alipomwambia mwili wake una nguvu, mawili kwa pamoja yanawezekana. Mama akasema, "Nikilala na miguu yote miwili, nani atamkatia ng'ombe majani? Azae kwanza." Ng'ombe akazaa, akashika mimba tena, na mama akasema vilevile. Leo ng'ombe mwenyewe ameshakufa, magoti yamebaki.

Sasa daktari anasema, "Mama, kwa presha hii, mawili kwa pamoja ni hatari. Tutaanza na moja, ukipona vizuri tufanye la pili." Kwa hiyo Jumanne ni goti la kulia. Mimi nina matumaini, Neema. Nataka nimwone akimkimbiza Baraka kwenye migomba. Safari hii sitaki kusikia neno "kwanza".

Ngoja, ananiita kutoka bandani kwa furaha, anasema nikamwone yule mtamba wetu, eti ameshika mimba, kwa hiyo